Miaka miwili ya penseli na mkaa: je, nimeendelea, au nimejifunza kujificha?

Mwanafunzi_wa_Kayole ameandika:

Hamjambo wanajukwaa. Mimi ni mwanafunzi wa sanaa wa mwaka wa pili hapa Nairobi, na kabla ya mwezi huu kwisha natakiwa kuwasilisha michoro 12 pamoja na maelezo ya jinsi nilivyoendelea. Maelezo hayo ndiyo yanayonitatiza. Juzi usiku nilitandaza kazi zangu zote sakafuni, tangu ile ya kwanza ya chupa na vitunguu, na sikuweza kusema kwa dhati kwamba za mwisho zinazishinda za mwanzo.

Za penseli zimekuwa safi, hilo sikatai. Zamani nilikuwa na penseli moja tu ya HB, ile ya ugumu wa kati, nikiikandamiza hadi alama zinatokeza upande wa pili wa karatasi. Siku hizi naanza na 2H, iliyo ngumu, kwa mistari myepesi, kisha naingia 2B na 6B, zilizo laini na nyeusi zaidi, penye giza. Lakini mwezi uliopita nilimchora nyanya yangu akichambua maharagwe kwenye ungo. Nilitumia siku tatu, nikaweka kila kunyanzi na kila ua la kitambaa chake cha kichwa. Mwalimu wetu aliutazama mchoro ule, akaenda hadi mwisho wa chumba, akaniita nami niutazame kutoka pale. Nyanya hakuwepo, palikuwa na doa la kijivu tu.

Nilipojaribu kuiongezea giza sehemu ya kitambaa kwa mkaa, mkaa uliteleza na kukataa kushika. Ninao mchoro mwingine wake wa mkaa, wa dakika 20, ambao uso haufanani naye hata kidogo, lakini ukiwa mbali unamwona mtu ameinama juu ya ungo. Je, niwasilishe penseli peke yake, ambayo naiweza, au niingize na mkaa unaoniaibisha?

Fundi_wa_Fremu amejibu:

Nianze na la mkaa kuteleza, kwa kuwa jibu lake ni fupi. Mkaa hushikwa na mikwaruzo midogo ya karatasi, ilhali grafiti, yaani ule weusi ulio ndani ya penseli, ni kitu cha kuteleza kwa asili yake. Ndiyo maana watu hutia unga wake kwenye kufuli iliyokwama. Ukishajaza 6B mahali, umeziba vishimo vyote na mkaa hauna pa kukaa. Tanguliza mkaa, penseli ije baadaye kwa vitu vidogo tu. Tena weusi wa grafiti hung'aa: ukiutazama kwa upande unageuka rangi ya kitako cha sufuria kilichosuguliwa kwa jivu. Giza lile ulilolitafuta kwenye kitambaa cha nyanya, penseli isingekupa hata ungekesha.

Mama_Rangi amejibu:

Mwanangu, nimefundisha kuchora kwa muda mrefu, na naona mkono wako umetangulia jicho lako. Ulichora makunyanzi kabla hujaamua wapi ni giza na wapi ni mwanga, kwa hiyo kila kitu kikapewa uzito uleule. Chukua kikombe cheupe, kiweke dirishani, funika karatasi nzima kwa mkaa laini usio na gundi, kisha utoe mwanga kwa raba ya kukanda, ile laini inayofinyangwa kwa vidole. Ukiikosa, minofu ya mkate mweupe inatosha. Wachoraji waliitumia kabla raba haijakuwepo. Fumba macho nusu unapotazama, na ujiruhusu viwango vitano tu, kuanzia weupe hadi weusi.

Utafute pia mchoro wa mkaa wa msanii Mjerumani Käthe Kollwitz wa mwaka 1933, ambamo amejichora akichora. Uso ameushughulikia kwa utulivu, lakini mkono, kutoka begani hadi karibu na kiganja, ni mistari ya kwenda na kurudi kwa nguvu, na hakuna anayeuliza mkono uko wapi.

Jirani_wa_Umoja amejibu:

Namheshimu Mama, ila penseli isibebeshwe lawama yote. Ukiilaza 4B kwa ubavu na kuishika mbali na ncha, nayo hutoa mapana ya giza. Nionavyo, dada yetu alikuwa akichora huku pua inagusa karatasi. La mwisho, usipande matatu na mchoro wa mkaa ambao haujanyunyiziwa dawa ya kuushikisha. Mimi niliwahi kufika na karatasi iliyopakwa kijivu kuanzia juu hadi chini. Spirei ya nywele inaokoa, lakini baada ya muda karatasi huweza kugeuka manjano.

Mwanafunzi_wa_Kayole ameandika:

Asanteni nyote. Nimefanya zoezi la kikombe mara nne, na mara tatu za mwanzo nilikimbilia kuchora mpini kabla ya kivuli. Ya nne niliiegemeza ukutani, nikatoka hadi kwenye korido, na kikombe kilikuwa bado pale.

Nimeamua kuwasilisha michoro yote miwili ya nyanya ikiwa bega kwa bega, na maelezo yangu yaanzie mwisho wa kile chumba. Jumamosi nitamchora upya kwa mkaa. Amekubali, kwa sharti kwamba safari hii maharagwe nitayachambua mimi.