Naomba ushauri: chakula cha kubeba ufukweni bila nafaka wala kunde

Ndugu zangu, huu ni mwezi wa tatu tangu mimi na mume wangu tuanze mlo wa paleo, yaani hatuli nafaka, jamii ya kunde, maziwa wala sukari, na Jumamosi ijayo tutakwenda na watoto kushinda ufukweni Bagamoyo. Chapati na maandazi yaliyozoea kujaza kapu letu hayamo tena. Hata karanga zimeondolewa kwa kuwa ni jamii ya kunde, ingawa korosho, namshukuru Mungu, zimebaki.

Nimefikiria mayai ya kuchemsha, kuku wa kuchoma, viazi vitamu na matango. Kinachonitia wasiwasi ni joto, kwani safari iliyopita nilifunga samaki wa kukaanga wangali moto ndani ya kontena la plastiki, na tulipolifungua saa nane mchana mfuniko ulikuwa unachuruzika maji, samaki wamelainika na kutoa harufu iliyotulazimu kuwamwaga. Je, kuku akipoa kabisa, kisha akapangwa katikati ya chupa za maji yaliyogandishwa, atafika salama? Na badala ya mayonezi ya dukani, ambayo mara nyingi huwa na sukari, ninyi hutumia nini?