Naomba ushauri: chui wa mchezaji ananivurugia gemu

Wakuu heshima kwenu. Tuko wanne hapa Shangani Mtwara, kila Jumamosi tunacheza Dungeons & Dragons, ile gemu ya mezani ya kuigiza wahusika wa hadithi na kurusha dadu, mimi ndo msimamizi, yaani naendesha hadithi. Sasa kuna jamaa mhusika wake ni mwindaji ana chui, na sheria za gemu, toleo la 2014, kwa levo za chini zinataka mwindaji atoe zamu yake ya kupiga ndo chui ashambulie, jamaa hataki, eti chui gani anasubiri ruhusa kama mtoto wa madrasa. Juzi kamtuma akaibe funguo kwa mlinzi halafu afungue na mlango, kwa kucha jamani! Wenzake wakasusa, wakabaki wanatafuna korosho zangu tu. Sasa chui nimchezeshe mimi, au nimwachie yeye ila amri ngumu arushe dadu kwanza? Nyie mnafanyaje?