Vijana wangu wanaumia misuli kila mechi, tupashe vipi?

Wakuu, habari za jioni. Nanoa timu ya mtaani, vijana wa miaka 16 hadi 20, uwanja wa vumbi na mashimo. Mwezi huu watatu wameumia msuli wa nyuma ya paja, wote ndani ya robo saa ya kwanza. Wa mwisho ni winga: alifukuzia pasi ndefu, akasimama ghafla kama kapigwa jiwe.

Huwa tunazunguka uwanja mara mbili, kisha tunajinyoosha tumesimama, kila msuli dakika nzima. Nimesoma kuwa kunyoosha muda mrefu hivyo kunapunguza nguvu ya msuli kwa muda, na kuna FIFA 11+, programu ya kupasha mwili ya dakika 20 hivi: mbio nyepesi, nguvu na mizani, halafu mbio za kasi. Humo kuna zoezi la kupiga magoti, mwenzako anakushika miguu, unajishusha mbele polepole. Tulilijaribu Jumanne, Jumatano nusu ya timu ilitembea kama wazee wa baraza.

Hilo nilifanye siku ya mechi au mazoezini tu? Anayeanza arudie mara ngapi? Na kwenye ndondo tunafika refa kashashika filimbi, zimebaki dakika 8: niache nini?