Naomba ushauri: nimealikwa ceilidh (tafrija ya jadi ya Kiskoti) kisiwani Lewis, zamu yangu ikifika nitoe nini?

Habari zenu wakuu. Naishi Stornoway, kisiwa cha Lewis, huku Uskoti. Majirani wamenialika kwenye ceilidh ya Mwaka Mpya. Si zile za ukumbini Glasgow zenye bendi na watu kuzungushana hadi jasho liwatoke. Hii ni ya nyumbani, ya kizamani: mnakaa kuzunguka moto na kila mtu anatoa chake, iwe wimbo wa Kigaeli bila ala, shairi, au hadithi ya sili (wale wanyama wa baharini) wanaovua ngozi na kugeuka binadamu. Akina mama wana nyimbo za kupigapiga kitambaa cha sufu kilicholoweshwa: mmoja anaongoza, wengine wanaitikia, mapigo yanaenda kama ya kutwanga kinuni. Nilishazisikia, tamu mno!

Sasa mimi sauti ya kuimba sina. Nawaza hadithi ya sungura na fisi, niwafundishe kwanza kuitikia "Pakawa!" Mke wangu anasema bora shairi lenye kiitikio, maana hawa watu wanapenda kuitikia. Je, nisome lote kwa Kiswahili ndipo nitafsiri, au ubeti kwa ubeti? Naona tafsiri ya katikati itaua mahadhi.

Halafu kuna whisky, huwa inazungushwa na mimi situmii. Naikataaje bila kumkwaza mwenye nyumba? Na niende na nini mkononi?

Mliowahi kuhudhuria, hasa mlioko visiwani huku, nisaidieni. Wa kejeli wapite tu.