Maziwa ya korosho yenye ladha: wateja wanaonja, wanasifu, hawanunui. Nifanyeje?

MamaNusra
Habari zenu wakuu. Nipo Mtwara mjini, nauza vinywaji baridi kivukoni, pale wanapopandia watu wa Msangamkuu. Juisi ya ukwaju na ya embe nimeuza miaka sita, zinanilipa. Tangu mwezi wa tatu nimeongeza maziwa ya korosho, na hapo ndipo mtaji unapoliwa.

Vipande nanunua kwa akina mama wanaobangua, kilo 12,000. Naloweka usiku kucha, asubuhi namwaga yale maji, nasaga kwenye blenda, nachuja kwa kitambaa. Kilo moja inatoa lita nane. Natia sukari na chumvi kidogo sana, halafu nagawa mafungu matatu: ya iliki, ya vanila, na mengine hayana kitu. Chupa ndogo 1,000. Ubuyu nao nilijaribu nikaumia, nilivyomimina tu maziwa yakakatika, mabonge juu maji chini. Lita tatu zote nikamwaga.

Mtu nikimpa kikombe bila kumwambia ni nini, anakunywa anaomba tena. Nikisema ni korosho, uso unabadilika. Juzi baba mmoja kanirudishia kikombe kikiwa nusu: "Mama, korosho ni ya kupeleka ghalani, siyo ya kunywa. Na maziwa ni ya ng'ombe." Ya iliki huwa yanaisha kabla ya adhuhuri. Ya vanila narudi nayo nyumbani, wanasema yanabaki kooni.

Lakini nina jirani mzee, akinywa maziwa ya ng'ombe tumbo linamnguruma mpaka usiku. Huyo anachukua chupa mbili kila siku, na hajawahi kulalamika. Kwa hiyo kinywaji siyo kibaya. Inaniuma sana kuona korosho zetu zinapakiwa ghafi kwenda kubanguliwa India na Vietnam, halafu sisi tuliozipanda hatuzijui hata ladha yake kwenye kikombe.

Niache vanila? Nibadili jina? Au watu wa huku ndiyo hawatakubali kabisa?

Mzee_Kitangari
Pole na kazi mwanangu. Usimchukie yule baba. Kwetu huku Newala korosho ndiyo ada, ndiyo bati. Ukimwona mtu anaitafuna nyingi unahisi anatafuna hela. Mimi mwenyewe nimekulia kwenye mikorosho, na korosho nzima nzima nilikuwa naipata siku ya wageni.

Ila zile zilizovunjika marehemu mama alikuwa anazitwanga, anakamua, anatia kwenye kisamvu. Nazi huku juu ni za kununua. Tulikuwa tunaita tui, tui la korosho, na hakuna aliyeuliza ng'ombe yuko wapi. Wewe umesema maziwa, mtu anaanza kutafuta ladha ya maziwa, akiikosa anaona kaibiwa.

MamaNusra
Shikamoo baba. Maneno yako yameniingia. Hofu yangu ni moja, nikiandika tui, mtu atadhani ni la kupikia wali.

LisheMasasi
Dada, kuhusu jina hauko peke yako. Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua mwaka 2017 kwamba bidhaa za mimea tupu zisiuzwe kwa jina la maziwa, isipokuwa chache zilizokwisha zoeleka, na tui la nazi ni mojawapo. Viwanda vingi huko huandika "kinywaji cha soya", "kinywaji cha shayiri".

Mimi nina wasiwasi na vipande vyako. Je, vina ile ngozi nyembamba ya kahawia? Ngozi ile ndiyo inayoleta ukakasi. Iliki ina ukali wake, inaufunika. Vanila ni laini, haifuniki kitu, ndiyo maana wanakwambia yanabaki kooni. Menya vizuri kabla hujaloweka. Na ubuyu usijilaumu, uchachu wowote ukizidi unagandisha protini ya korosho kama ndimu kwenye maziwa ya ng'ombe.

Kisha pima bila jina. Vikombe viwili, kimoja cha iliki kimoja cha vanila, viandike namba tu, maji ya kusuuza mdomo katikati. Kesho yake badilisha kinachotangulia.

Na nakuomba sana, usimwambie mama yeyote ampe mtoto mchanga badala ya maziwa. Kalsiamu ya korosho ni ndogo mno ukilinganisha na maziwa ya ng'ombe. Wapo pia watu korosho inawadhuru, wengine wanavimba mpaka wanashindwa kupumua, kwa hiyo neno korosho lazima lionekane kwenye chupa, hata likikupunguzia wateja.

SomoeLindi
Mwenzangu mimi nauza ya soya hapa Lindi. Mwanzo yalikuwa yananuka maharage mabichi, watu wanaziba pua. Nikafundishwa kuzitia soya kwenye maji yanayochemka kabla ya kusaga, harufu ikapungua. Ila kilichoniokoa hasa ni kuuza ya moto asubuhi, na tangawizi, pembeni ya chapati. Mtu wa asubuhi anatafuta cha kumshika tumbo, hana muda wa kubishana na jina.

MamaNusra
Nimerudi baada ya siku tisa. LisheMasasi, ngozi zilikuwepo, tena nyingi. Nimewalipa akina mama 1,500 zaidi kwa kilo ili wamenye. Maziwa yenyewe yamebadilika rangi, zamani yalikuwa na uwekundu kidogo, sasa ni meupe kama tui la kwanza. Kwenye vikombe vya namba watu ishirini wameonja, kumi na mmoja wakachagua iliki, tisa vanila. Yule baba wa ghalani alikuwemo, akachagua vanila!

Kwenye chupa nimeandika "Kinywaji cha tui la korosho". Kuna waliouliza kama ni ya kupikia, nikawaonjesha.

Somoe dada, ya moto nimejaribu jana. Yalipokaribia kuchemka yakawa mazito kama uji wa mgonjwa, ikabidi niongeze maji nusu ya sufuria. Tangawizi imekaa vizuri. Niambie, ya kwako unapeleka kwenye chupa ya chai au unapashia palepale kwa jiko? Boti ya kwanza inaondoka mapema na sitaki yapoe.