MJADALA: Kalunguyeye wa katoni ya viatu, afugwe au arudishwe?

Mwenye mada (Nakuru)

Wadau, hamjambo. Nina kesi nyumbani, na kabla sijaikata nataka kuwasikia.

Jumamosi mpwa wangu wa miaka 12 alirudi kutoka Lanet amekumbatia katoni ya viatu. Ndani, juu ya majani makavu, kulikuwa na mpira wa miiba. Kalunguyeye. (Si nungunungu, tafadhali. Nungunungu ni yule mkubwa wa miiba mirefu anayemaliza viazi vya watu usiku.) Alimnunua shilingi 300 kwa kijana wa bodaboda aliyemwokota kando ya barabara. Ukimsogezea mkono anajikunja, anafoka na kurukaruka kama kifuniko cha sufuria ya chai. Nyumba ilipotulia usiku ndipo pua ikachungulia, kisha macho mawili meusi kama mbegu za papai. Nikampa mende aliyekufa. Alimtafuna mpaka nikamsikia nikiwa jikoni.

Sitaficha, nimempenda.

Sasa jirani yangu ananiambia nikikutwa naye nitalala ndani. Nilicheka, halafu nikakumbuka kesi ya Naivasha, hapa hapa kaunti yetu. Aprili 2025 vijana wawili wa Ubelgiji, wote wa miaka 19, walikamatwa kwenye nyumba ya wageni wakiwa na malkia wa chungu (sisimizi) wapatao 5,000, wametiwa kwenye mirija 2,244 iliyowekwa pamba ili wafike hai ng'ambo. Wakajitetea kwamba ni wapenzi wa chungu tu, hawakujua kuna kosa. Mwezi Mei mahakama ikawatoza faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au miezi 12 gerezani. Kwa chungu!

Upande wa pili, kalunguyeye wa Afrika, jamii hii hii ya kwetu, ndiye chimbuko la wale wanaouzwa Marekani kama wanyama vipenzi, wakanunuliwa kizimba na gurudumu la kukimbilia. Mtoto wa Texas anamfuga bila wasiwasi (California hawataki). Mtoto wa Lanet akimfuga ni mhalifu.

Hoja yangu ni hii. Tuache kuuliza kama mnyama ni mdogo, mkubwa, wa kwetu au wa kigeni. Tuulize ametoka wapi. Aliyezaliwa kizimbani kwa mfugaji anayejulikana, afugwe kwa leseni. Aliyetolewa porini asiuzwe hata kwa shilingi moja. Nipingeni.

Mtoto wa Bondeni

Mimi nauliza tu, kalunguyeye analiwa?

Bush Lawyer (Milimani)

Jirani yako hajakosea. Sheria ya wanyamapori ya Kenya ya mwaka 2013 haikuandikwa kwa ajili ya ndovu na vifaru peke yao. Tafsiri yake ya mnyamapori inashika kiumbe chochote cha porini cha nchi hii, hata mimea na vijidudu. Ndiyo maana chungu waliingia. Kumiliki bila kibali ni kosa, na "sikujua" haikuwasaidia Wabelgiji wala haitakusaidia wewe.

Lakini sheria hiyo hiyo haijafunga mlango wote. Inaruhusu ufugaji wa baadhi ya wanyamapori kwa leseni: mbuni, mamba, kware, vinyonga, nyoka. Sungura, simbilisi na kasuku wadogo wa Australia hawana ugomvi na mtu, hao tumewazoea. Kasuku wa kijivu ni habari nyingine. Tangu Januari 2017 yuko kwenye daraja la juu kabisa la ulinzi wa CITES, mkataba wa dunia wa biashara ya wanyama na mimea ya porini; biashara ya kimataifa ya waliokamatwa porini imekatazwa. Watu wa Kakamega wanajua kwa nini. Msitu wao ndio ukingo wa mashariki wa makazi ya ndege huyo, na waliobaki humo ni wa kuhesabu kwa vidole.

Kwa hiyo swali lako la "ametoka wapi" sheria imeshaliuliza. Wewe jibu lako ni "bodaboda".

Mwenye mada

Hapo umenipiga. Ila bado sijaambiwa kwa nini aliyezaliwa kizimbani asifugwe.

Aluru Hasara (Ahero)

Nitakuambia mimi. Hiyo dawa yako ya leseni sisi tuliinywa, na ilivyokaa tumboni tunaijua.

Mnakumbuka 2013 kuingia 2014, homa ya aluru, yaani kware, ndugu zetu Waluhya wanawaita isindu. Nchi nzima iliambiwa yai la kware linatibu kila kitu, kuanzia pumu hadi mambo ya chumbani. Nilikuwa nauza yai shilingi 60, mwenzangu wa mjini akijigamba anafikisha 100. Kware ni mnyamapori, kwa hiyo leseni ilitakiwa. Nikaichukua, nikaitia fremu, nikaitundika. Tatizo, wateja walizidi mashine yangu ya kutotoa vifaranga. Nikamwendea mzee mmoja anayejua mtego wa zamani.

Wa huku mnaujua. Vitundu vinafungwa juu ya mlingoti mrefu, kimoja juu ya kingine, kila kimoja na dume lake. Alfajiri yale madume yanaanza kuita huko juu, utadhani ni mnara wa adhana. Wa porini wanasikia, wanashuka kwenye nyasi za chini, na nyasi zimejaa vitanzi. Asubuhi moja tulitoa kumi na wanne. Nikawachanganya na wangu.

Sasa niambie, mkaguzi angekuja angeona nini? Leseni ukutani, ndege bandani. Hakuna kware aliyeandikwa kifuani kwamba amezaliwa wapi. Mimi nilikuwa mfugaji anayejulikana, wa halali kabisa, na nusu ya mali yangu ilikuwa ya wizi kutoka kwenye nyasi.

Bei ilipoanguka, yai likawa shilingi 5 na hakuna wa kulitaka. Siku niliyofungua mlango wa banda, paka wa jirani walikula Krismasi mwezi wa saba.

Hesabuni hivyo kwa kalunguyeye. Ukihalalisha wa kizimbani, umempa bodaboda soko.

Mtoto wa Bondeni

Krismasi mwezi wa saba 😂😂 pole mzee

Daktari wa Ng'ombe (Kakamega)

Mwenye mada, swali la haraka: yule mende aliuawa na nini? Kama ni dawa ya kupuliza, umemlisha mgeni sumu.

Kalunguyeye nimeletewa wanne tangu nianze kazi hii. Watatu walikuwa wamenyweshwa maziwa ya ng'ombe, kwa huruma. Tumbo lake haliwezi maziwa, anaharisha mpaka anakauka. Wa nne aliletwa akiwa amelegea, wenyewe wakidhani amekufa. Alikuwa amepoa tu. Wa kizimbani akishuka chini ya nyuzi 18 hivi anazama kwenye usingizi mzito ambao anaweza asiamke. Nakuru mko juu ya mita 1,800, na usiku wa Julai mnaujua. Porini angejichimbia chini ya majani au kwenye shimo. Kwenye sakafu ya vigae atajichimbia wapi? Nilimweka juu ya chupa ya maji moto iliyofungwa taulo. Baada ya saa moja akanifokea, nikafurahi kama nimezalisha ndama pacha.

Na mseme ukweli, daktari gani wa mifugo mtaani kwenu anajua dozi ya mnyama wa nusu kilo? Sisi tumefundishwa ng'ombe, mbuzi, kuku na mbwa. Nikimtibu kalunguyeye nakisia.

Halafu magonjwa. Kobe na mijusi hubeba salmonela bila kuonyesha dalili, na mtoto akimshika kobe kisha akala mandazi, shughuli imeanza. Mwaka 2003 Marekani iliingiza panya wakubwa na wanyama wengine wadogo kutoka Ghana kwa ajili ya kufugwa majumbani. Wakawekwa pamoja na wanyama fulani wa huko wa jamii ya kindi, wakawaambukiza mpox, na wale kindi wakawaambukiza wanunuzi. Zaidi ya watu 40 waliugua, na hakuna aliyekuwa amekanyaga Afrika kuutafuta ugonjwa. Ulipelekwa kwenye kizimba mpaka sebuleni.

Mwenye mada

Mende aliuawa na slipa, daktari. Asante Mungu.

Mvuvi Mstaafu (Dunga)

Mnazungumza kana kwamba mfugaji ndiye adui nambari moja. Njooni Dunga niwaonyeshe Ziwa Victoria.

Nilipokuwa mtoto tulivua fulu, samaki wadogo wa rangi rangi, kwa ndoana ndogo kandokando ya matete. Dume wa samawati, dume mwenye mgongo mwekundu, wa manjano kama ndizi. Hatukujua kwamba kila rangi karibu ni aina yake. Mbuta (sangara) aliingizwa ziwani kuanzia miaka ya 1950, na hakuletwa na mtoto mwenye samaki kwenye chupa. Waliomleta ni maafisa wa uvuvi, watu wa kalamu na mihuri. Kufikia miaka ya 1980 alikuwa amejaa tele, na watafiti wanakadiria aina zipatazo 200 za fulu zilipotea. Mbuta alitulisha na kutujengea nyumba, simkani. Ila fulu wengine leo wanaishi kwenye matangi ya vioo Ulaya na Marekani tu, kwa watu wa hifadhi na kwa wafugaji wa nyumbani wanaowabadilishia maji kila wiki.

Mjukuu wangu alinionyesha picha kwenye simu. Nilimtambua samaki yule kabla hajaniambia jina. Sijamwona kwenye wavu kwa miaka 40.

Basi huyo mzungu na tangi lake, mhalifu au mlinzi?

Bush Lawyer

Mzee, heshima zako. Lakini gugumaji lililoziba bandari ya Kisumu nalo lilianza hivyo hivyo. Ua zuri la zambarau kutoka Amerika Kusini, watu wakalisambaza duniani kupamba mabwawa yao. Mwishoni mwa miaka ya 1980 likawa limefika ziwani, na mpaka leo mashua zenu zinakwama. Nenda Naivasha uone wale kasuku wadogo wa kijani wenye uso wa rangi ya chungwa. Asili yao ni Tanzania, wakaja kwa vizimba, wakaponyoka, wakachanganyikana na jamaa zao wa shingo ya manjano. Sasa wanataga kwenye mashimo ya miti ya huko kama wenyeji. Hata kinyonga wetu wa pembe tatu alipelekwa Hawaii mwaka 1972 na mwenye duka la wanyama, akatoroka uani, na leo amejaa visiwani huko. Kiumbe kidogo hakirudi kwenye katoni.

Mvuvi Mstaafu

Sikukataa. Nimeuliza swali, hukulijibu.

Mama Kobe (Kisumu)

Samahani nimechelewa kuingia. Mimi nina kobe. Niliolewa nikamkuta kwa marehemu baba mkwe, ana tundu kwenye ukingo wa gamba ambalo walilitoboa ili afungwe kamba. Nilidhani gamba ni kama kucha. Daktari mmoja aliniambia lile ni mfupa hai wenye mishipa ya fahamu, nikakosa usingizi. Kamba niliitoa, yuko huru uani, anakula sukuma wiki na anamjua mtoto wangu wa mwisho kwa miguu.

Sasa mimi nifanyeje? Nikimtangaza, atachukuliwa akafungiwe mahali nisipopajua. Nikimwachia porini, huko hajawahi kuishi. Nikinyamaza ni kosa. Mnajadili wanaotaka kuanza. Sisi tuliorithi hamjatutaja.

Daktari wa Ng'ombe

Mama, usimwachie. Atagongwa na gari kabla ya jioni. Nenda ofisi ya wanyamapori bila kobe kwanza, ueleze alivyofika. Anayejitokeza mwenyewe husikilizwa tofauti na anayefumaniwa, ingawa siwezi kukuapia watakuambia nini.

Mwenye mada

Wadau, nimesoma yote, mengine mara mbili. Aluru Hasara ndiye aliyenivunja mgongo. Nilidhani "ametoka wapi" ni swali lenye jibu. Yeye alikuwa na leseni ukutani, na jibu lake lilikuwa uongo.

Lakini sijahama upande wote. Wafugaji wa ndege wana njia: pete ya mguuni isiyo na kiungo, anavishwa kinda akiwa na wiki moja au mbili tu. Akishakua, kidole hakipiti tena. Ndege mkubwa mwenye pete nzima alizaliwa mikononi mwa mtu, basi. Kalunguyeye hana kitu kama hicho. Hata ukimpachika chipu chini ya ngozi, yule wa barabara ya Lanet naye anapachikwa dakika mbili. Kwa hiyo nabadilisha mada yangu. Afugwe mnyama ambaye asili yake inaweza kuthibitishwa kwa kumtazama mwenyewe. Asiyeweza kuthibitishwa, leseni yake itakuwa kofia ya mwizi. Fulu wa mzee namwacha nje ya hili, kwa sababu pale pori lenyewe ndilo lililopotea, na sina jibu la haraka.

Chungu nao nimewaelewa sasa. Malkia hutoka kuruka baada ya mvua, kila mmoja akitafuta pa kuanzisha ukoo wake. Wale 5,000 walikuwa koo 5,000, ingawa wengi wangeliwa na ndege kabla ya jioni.

Kuhusu wa kwetu: nimepiga simu, wamesema nimrudishe pale alipookotwa, mbali kidogo na barabara, usiku, kama mzima. Tulienda jana saa mbili, mimi na mpwa na tochi. Alikaa amejikunja kwenye nyasi dakika ishirini nzima, mbu wakitula, mpwa akiniomba tumrudishe kwenye katoni kwa sababu "hataki kwenda". Kisha akajikunjua, akanusa huku na huku, akaingia chini ya ua wa mkayaba bila kugeuka.

Mpwa sasa anadai nimrejeshee shilingi 300 zake. Mimi nasema akazidai kwa bodaboda. Bush Lawyer, hiyo sheria inasemaje?