Wauza kamera na wahudumu wa geti, mnatuumiza!

Wakuu, hili la kusafiri nje na kamera ya video limevuka mpaka. Abiria kafungasha vizuri, kafika getini, anaambiwa ndege imejaa, begi la mkononi liende chini. Basi. Hakuna anayemuuliza limebeba nini! Betri za akiba za lithiamu haziruhusiwi kabisa kwenye mizigo ya chini, kwa sababu moto ukianzia kule hakuna wa kuuwahi. Ni wajibu wa mhudumu kumwambia abiria azitoe kwanza, na wengi hawasemi. Wekeni betri zote, pamoja na pawabenki, kwenye kifuko kimoja cha kuchomoa haraka, na kila betri izibwe ncha zake za umeme kwa utepe ili isigusane na funguo au sarafu ikapiga shoti.

Halafu watengenezaji wa betri za bei poa. Kikomo cha kubeba bila kuomba ruhusa ni wati-saa 100 (kipimo cha nishati iliyomo kwenye betri). Kati ya 100 na 160 lazima shirika la ndege likubali, tena za akiba ni mbili tu kwa mtu. Zaidi ya 160, abiria haruhusiwi kupanda nayo. Sasa hawa jamaa wanaandika mAh (miliampea-saa, kiasi cha chaji) kwa herufi kubwa, wati-saa hawaandiki popote! mAh peke yake haisemi chochote. Zidisha mAh kwa volti, gawanya kwa 1000: betri ya mAh 6600 yenye volti 7.2 ni wati-saa 47.5, lakini ya mAh 6600 hizo hizo yenye volti 14.8 ni 97.7, inakaribia kikomo. Mkaguzi asipoona namba kwenye betri anaweza kuizuia, na hapo huna pa kulalamika.

Wauzaji nao! Wanauza adapta ya plagi na kunyamaza, wakati chaja nyingi za kamera zinakubali volti 100 hadi 240 na tatizo halipo hapo. Tatizo ni taa. Ulaya umeme ni hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), Marekani ni 60, na Japani Tokyo ni 50 huku Osaka ni 60. Ukirekodi ndani kwa shata (muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila fremu, kama 1/50 ya sekunde) isiyolingana na umeme wa pale, picha inapepesa au inajaa mistari inayotembea, na kuiondoa baadaye ni kazi ngumu. Penye hezi 50 tumia 1/50 au 1/100. Penye 60 tumia 1/60 au 1/120. Fremu 25 kwa sekunde zinaweza kubaki zilivyo, badilisha shata tu. Kinachokera ni ule ushauri wa kuhamisha kamera nzima kutoka PAL (mfumo wa video wa nchi za hezi 50) kwenda NTSC (wa hezi 60): baadhi ya kamera zikihamishwa zinadai kadi ifomatiwe, na mtu anafuta video za safari nzima kwa kumsikiliza muuzaji.

Kuhusu kadi, video ya megabiti 100 kwa sekunde inakula GB 45 kwa saa, kwa hiyo ile ya GB 64 wanayoifunga kwenye boksi haifikishi saa moja na nusu.

Wenye vifaa vya kazi wanaotumia karneti ya ATA (hati ya forodha ya kuingiza vifaa nchini kwa muda bila kulipa ushuru): namba ya kila kifaa ilingane na orodha, na muhuri wa forodha upigwe kabla hujakabidhi mizigo. Ukikosa muhuri wa kutoka, nchi ile inaweza kudai ushuru kama vile umeviuza huko. Mawakala wanaochukua ada wanalijua hili. Kwa nini hawaliandiki kwenye ukurasa wa kwanza?